Jibu: Bunduki ya upepo inayotawanya risasi

Assalaam alaykum, ndugu yetu wa Makunduchi. Umeeleza kwamba bunduki yako ya upepo ya springi, uliyoinunua kwa bei nafuu, hutawanya risasi hata ukilenga kopo lililo mita 15 tu. Kabla ya kuilaumu darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki, kaza skurubu za kitako na za vishikizo vya darubini, kwani mtikisiko wa springi huzilegeza kidogo kidogo. Yangu ilipona hapo hapo. Kisha usiibane bunduki unapolenga: ilaze juu ya kiganja kilicho wazi, kwa sababu aina hii hutikisika kabla risasi haijatoka mtutuni, na mkono unaokaza huibadilishia mwelekeo kila mara. Jaribu pia risasi za aina mbalimbali. Springi yenyewe sijapata kuifungua, hivyo hiyo mwachie fundi.