Kulala garini: maswali yenu ya wiki hii

Je, trafiki anaweza kunikamata akinikuta nimelala kwenye gari? (Kibaha)

Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Usingizi si kosa. Kosa ni kuegesha kwenye kona, darajani, au tairi mbili zikiwa juu ya lami. Ingia sheli, msalimie mlinzi, mwachie ya soda, laza siti.

Nilikunywa bia tatu nikaamua kulala garini badala ya kuendesha. Nina kosa? (Nakuru)

Umewaza vizuri, umelala vibaya. Huko kwenu, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 44, haimshiki anayeendesha peke yake. Inamgusa pia mlevi ambaye gari liko mikononi mwake. Sasa wewe uko nyuma ya usukani, funguo kwenye swichi, injini inanguruma kwa ajili ya redio. Utamweleza nini askari? Panda teksi, gari ulifuate kesho. Halafu hizo bia tatu: kila mlevi anayeniandikia alikunywa tatu.

Nikilala na AC ikiwaka kuna shida? (wengi mno)

Ipo. Ekzosi iliyotoboka inaweza kuingiza ndani kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ndani ya gereji iliyofungwa ndiyo usithubutu kabisa. Zima injini, tafuta mwembe, shusha vioo kidogo. Na mtoto usimwache humo hata "dakika moja tu" ya dukani.

Mume wangu anasema dereva mzoefu halali njiani: anafungua dirisha, anapandisha muziki, anatafuna karanga. Kweli? (Singida)

Dada, mwambie shemeji karanga ni chakula, si dawa ya usingizi. Kwa spidi ya 80, gari linakula mita 22 kila sekunde. Akisinzia sekunde tatu, limekwenda mita 66 bila dereva, na yeye ataapa hakufumba macho. Uzoefu hauamshi mtu. Mzoefu ni yule anayejua kwamba akishasahau kijiji alichokipita sasa hivi, ameshachelewa kusimama.

Mimi kituo changu ni Chalinze. Saa nane mchana nakunywa kahawa kwanza, maana huchukua kama nusu saa kufanya kazi, kisha nalaza siti, kofia usoni, upepo unaingia huku unatokea kule. Dakika 20, simu inalia. Wakati mwingine muuza mayai ananiwahi kwa kugonga boneti. Raha yake hakuna godoro linaloifikia. Ukipitiliza hadi saa nzima utaamka na mawenge. Usiguse usukani mpaka umenawa uso na kutembea kidogo.

Usingizi ukinizidi katikati ya Mikumi? (Iringa)

Barabara inakata hifadhi karibu kilomita 50, na tembo hawajui hazadi. Ukitoka kwenu, lala Mikumi mjini. Ukitokea Moro, lala Doma.