Umerithi spika za zamani? Usizichomeke kwanza

Msomaji mmoja ameniletea picha za makasha mawili ya mbao yanayofika kiunoni, kitambaa cha mbele kimefifia, pamoja na ujumbe mfupi: "Ni za marehemu babu. Jana nilizichomeka nikafungulia muziki. Moja inakoroma, nyingine haitoi sauti nyembamba. Nizitupe?"

Usizitupe. Ila hapo kwenye "jana nilizichomeka" ndipo ulipokosea, na hauko peke yako. Wengi hufanya hivyo hata kabla ya kufuta vumbi. Spika iliyokaa kimya miaka ishirini inaweza kuwa na ukingo (ile pete laini ya mbele) uliooza na kapasita (vifaa vidogo vya umeme vilivyo ndani) zilizochoka, na hakuna utakachokiona ukisimama mbele ya kasha. Ukiongeza sauti, koni, ile sehemu inayotetemeka, inaruka bila kitu cha kuishika, koili ya waya iliyo nyuma yake inajisugua kwenye sumaku, na kazi iliyokuwa ya gundi tu inageuka kuwa ya kusuka koili upya.

Anza kwa kujua una kitu gani. Geuza kasha usome kibandiko cha nyuma: modeli, namba, ohmu (ukinzani wa umeme). Kama kimebanduka, fungua skrubu za wufa, ile spika kubwa ya sauti nene, na uitoe taratibu ukiwa umeishika kwa fremu, kwani nyaya za ndani huwa fupi. Vaa glavu na barakoa, maana makasha mengi yamejazwa sufi ya kioo, nayo inawasha. Jina lililo mbele ya kasha lisikutoshe. Makampuni mengi yalinunua spika kwa watengenezaji wengine, yakatengeneza mbao na kubandika jina lao.

Kwa spika za Marekani, tafuta namba iliyogongwa kwenye fremu au nyuma ya sumaku. Tarakimu tatu za kwanza ni mtengenezaji: 220 ni Jensen, 137 ni CTS, 328 ni Utah, 465 ni Oxford. Mbili za mwisho ni wiki, na zinazobaki katikati ni mwaka. Kwa hiyo 1377432 ni CTS ya wiki ya 32 ya mwaka 1974. Tatizo ni namba fupi. 220827 ni Jensen ya wiki ya 27 ya mwaka unaoishia na 8, lakini ni 1948, 1958 au 1968? Hapo tumia akili kidogo: rekodi za stereo ziliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950, hivyo jozi iliyozaliwa pamoja ni vigumu kuwa ya 1948.

Angalia pia sumaku, ambayo huwa ya alnico au ya feraiti. Alnico mara nyingi huwa na umbo la kikombe au kengele ya chuma. Feraiti ni gurudumu bapa jeusi. Alnico ina madini ya kobalti ndani yake, na kobalti nyingi ya dunia ilitoka Zaire (Kongo ya leo). Mapigano ya jimbo la Shaba mwaka 1978 yaliipandisha bei vibaya sana, na viwanda vilivyokuwa bado vinang'ang'ania alnico vikahamia feraiti. (Jimbo lina jina la shaba, lakini watengenezaji spika walililia kwa kobalti.) Feraiti ilikuwapo kabla ya hapo kwenye spika za bei nafuu, kwa hiyo sumaku bapa peke yake haithibitishi mwaka.

Ukikuta kimojawapo cha vitu hivi vitatu, simama. Spika yenye nyaya nne, mbili zikiingia kwenye koili kubwa badala ya sumaku, ni ya zama za redio za valvu. Sumaku yake ni ya umeme na inahitaji umeme wake wa kando. Spika yenye waya wa kuchomeka ukutani, kama Quad ya 1957, ni ya kielektrostatiki, ndani yake mna volti maelfu, na si ya kufunguliwa na mtu asiyeijua. Na ukiona transfoma ndogo yenye vituo vilivyoandikwa wati, hiyo ilikuwa spika ya matangazo ya ukumbini, ya laini ya volti 70 au 100. Kwa amplifaya ya nyumbani utahitaji kuiruka hiyo transfoma, uunge moja kwa moja kwenye spika.

Kama si hizo, chukua multimita, kile kipimo cha umeme. Pima kila spika iliyo ndani ya kasha peke yake, waya mmoja ukiwa umetolewa. Ya ohmu 8 husoma kati ya 5.5 na 7; ya ohmu 4 husoma 3 na kitu; ya 16 husoma 11 hadi 13. Isiposoma kitu kabisa, koili au uzi wake umekatika. Usipime twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, kupitia vituo vya nyuma ya kasha, kwa sababu kapasita inazuia mkondo wa multimita na utaitangaza imekufa ilhali ni nzima. Kisha chukua betri ya volti 1.5 uiguse wufa kwa nusu sekunde, plasi kwa plasi. Koni inatoka nje. Ikiingia ndani, waya umegeuzwa, isipokuwa kama ni JBL ya zamani, ambayo iliundwa kinyume kwa makusudi. Muhimu ni kwamba zote mbili ziende upande mmoja, la sivyo besi zitauana. Zile za Ulaya zenye plagi ndogo ya DIN hazina rangi: pini ya duara ni plasi, bapa ni mainasi.

Sasa ukingo, ile pete laini inayounganisha koni na fremu. Spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zinafia hapa. Iguse kwa ncha ya kidole. Ikiwa ya mpira au kitambaa, mara nyingi bado ni nzima, iache. Ikiwa ya sponji na kidole kikatoka na unga mweusi au utomvu kama lami, imekwisha hata kama haijachanika. Sponji huoza kwa unyevu wa hewa, iwe imetumika au ilikaa stoo.

Kubadilisha ni kazi ya jioni moja na usiku wa kungoja. Pima kipenyo cha koni na cha fremu mahali ukingo unapokaa, kwa milimita, kabla ya kuagiza. "Inchi 10" haitoshi, ukingo wa inchi 10 una saizi nyingi. Angalia pia kama ule wa zamani uligandishwa juu ya koni au chini yake. Kwangua mabaki, malizia kwa pamba yenye spiriti ya isopropili, bila kulowesha karatasi ya koni. Gandisha upande wa koni kwanza kwa gundi nyeupe inayobaki laini ikikauka. Ungoje ishike. Kisha upande wa fremu, na hapa usiharakishe: kabla gundi haijashika, sukuma koni ndani na nje kwa vidole vya mikono miwili vilivyopangwa sawasawa, sikio karibu. Ukisikia mkwaruzo, sogeza ukingo kidogo upande wa pili, sukuma tena. Ukimya ukipatikana, acha saa 24. Mwisho pitisha mlio wa hezi 30 kwa sauti ya chini sana. Koni itembee bila kunong'ona.

Wapo wanaopaka silikoni au gundi ya papo hapo juu ya sponji iliyooza. Silikoni haikubali gundi nyingine baadaye, na gundi ya papo hapo hukauka kama kioo na kupasuka koni inapocheza. Na usikubali kuuziwa wufa mpya ya "saizi hiyo hiyo". Kasha lilipimwa kwa ajili ya wufa yake. Acoustic Research, tangu AR-1 ya 1954, walitumia hewa iliyofungwa ndani ya kasha kama springi ya koni. Weka wufa ngumu ya kisasa humo na besi itapotea. Kwenye kasha la aina hiyo, ukiisukuma koni inarudi polepole. Ikirudi kwa kishindo, hewa inavuja mahali.

Twita isiyotoa sauti mara nyingi haina kosa. Nyuma ya kasha kukiwa na kitasa cha kupunguza sauti nyembamba, kizungushe mwisho hadi mwisho mara ishirini, amplifaya ikiwa imezimwa, kisha upulize dawa ya kusafisha swichi. Kutu ya humo ndani hunyamazisha twita kabisa. Ikishindikana, badilisha kapasita: maikrofaradi (kipimo kilichoandikwa juu yake) zile zile, volti zile zile au zaidi, aina isiyo na plasi na mainasi, na makasha yote mawili kwa siku moja. Ukiweka za filamu badala ya elektroliti, twita inaweza kung'aa kupita kiasi; kipinga cha nusu ohmu kwa mfululizo huituliza.

Kwa amplifaya, usifunge jozi mbili za ohmu 4 pamoja, mzigo unakuwa ohmu 2. Jaribu kwanza spika moja, sauti ya chini, kisha nyingine, wimbo ule ule. Moja ikiwa dhaifu, badilishana nyaya pale kwenye amplifaya: udhaifu ukibaki kwenye kasha lile lile, tatizo ni spika, ukihamia kwa mwenzake, ni amplifaya.

Na kwako uliyeandika: picha ya pili inaonyesha sponji iliyoachia fremu chini kushoto, ndiyo inayokoroma. Ile nyingine ina kitasa nyuma. Kizungushe kabla hujanunua chochote.