Umefuga Mawe Ndani ya Hita: Maji Magumu na Nyumba Zetu za Unguja

Fundi alifungua zile nati, akaishika koili kwa koleo, akaivuta taratibu. Haikutoka. Akaitikisa mara mbili, mara ya tatu ikachomoka, na nyuma yake vikamwagika vipande vyeupe, vyembamba, mfano wa maganda ya mayai yaliyopondwa. Vilijaza kibakuli kizima cha uji na bado vikabaki vingine.

"Bibie, njoo uone. Humu umefuga mawe."

Hita yenyewe haijatimiza miaka mitatu. Koili ilikuwa imevaa gamba nene kuliko yenyewe, na upande mmoja imepasuka. Nilipomuuliza kisa, fundi alinieleza kwa mfano wa kanga: ukijifunika kanga moja joto linapita, ukijifunika kumi hakipiti kitu. Koili iliyovaa gamba inawaka kwa nguvu zote lakini joto halifiki kwenye maji. Inajiunguza yenyewe, na mita ya umeme huku inakula vocha.

Nilikuwa nikiona dalili siku zote nikazipuuza. Birika lina ukoga mweupe chini. Bilauri nikizianika zinakauka na madoa. Shawa inatoa maji upande mmoja tu, mengine yanaruka ukutani. Na kanzu za mume wangu, zile za Ijumaa, kila nikizifua zinazidi kuwa ngumu na rangi inaelekea kijivu. Mama mkwe aliniangalia kwa jicho lile mnalolijua, kana kwamba sijui kusuuza.

Sababu iko chini ya miguu yetu. Unguja sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe. Maji tunayovuta visimani ni mvua iliyopenya udongoni, ikachukua hewa ya kaboni, ikawa na ukali kidogo, na ukali huo ukalila jiwe polepole. Kwa hiyo maji yanapofika mferejini yamekuja na jiwe ndani yake, limeyeyuka, halionekani. Hayo ndiyo yanayoitwa maji magumu. Jiwe hilohilo wazee walilichoma kwenye tanuu wakapata chokaa ya kujengea Mji Mkongwe. Kuta za mji na gamba la birika langu, asili yao moja.

Tofautisha na maji ya chumvi, maana watu wengi wanachanganya. Chumvi unaijua ulimini, na mara nyingi inatokana na kisima kilicho karibu na pwani kuvutwa mno mpaka bahari ikaingia. Maji magumu unaweza kuyanywa maisha yako yote usijue. Kama unataka kujua ya kwako, chukua chupa mbili zenye vifuniko. Moja tia maji ya mfereji, nyingine maji ya mvua, kila moja robo tu. Kwangua sabuni ya kipande, ya kufulia, kiasi kilekile kila chupa, kisha tikisa. Ya mvua itajaa povu. Ya mfereji, kama ni magumu, itakuwa nyeupe kama tui na povu hakuna. Kule kuwa tui ndiko kunakoharibu kanzu: sabuni imeshikana na lile jiwe, ikageuka utando, na utando umekaa kwenye nyuzi. Nilikuwa nikiongeza sabuni, kumbe nazidisha utando.

Ukiyapeleka maabara watakupa kipimo cha jiwe lililoyeyuka, miligramu kwa lita. Chini ya 60 ni maji laini, ukipita 180 ni magumu sana. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu kwa sababu ya afya. Linachosema ni kwamba yakipita kama 200, mabomba na hita huanza kupata gamba. Kwa hiyo jirani anayekwambia maji haya yanajaza mawe kwenye figo, mwambie atazame kwanza anakunywa bilauri ngapi kwa siku kwenye joto hili. Kutokunywa maji ya kutosha ndiko kunakojulikana kuleta mawe ya figo.

Sasa nije kwenye niliyoyajaribu, na nianze na pesa niliyoitupa. Baada ya hita kuungua niliuziwa kisumaku cha kufunga kwenye bomba. Muuzaji, jina lake nalihifadhi, aliapa kuwa sumaku inavunja jiwe. Miezi mitano baadaye birika lilikuwa na gamba lilelile. Kisha nikanunua chujio la ule utambi mweupe. Hilo si baya, linazuia mchanga na kutu, lakini jiwe lililoyeyuka linapita humo kama sukari iliyokorogwa inavyopita kwenye kichungio cha chai. Mashine za kulainisha maji kwelikweli zipo, zile zinazotiwa chumvi kila baada ya muda. Zinafanya kazi. Zinachukua jiwe na kuacha sodiamu badala yake, kwa hiyo mwenye presha asinywe bila kumuuliza daktari. Hoteli zinazimudu. Mimi sizimudu.

Kilichonisaidia ni kuelewa jambo moja. Jiwe halijitengi na maji kila mahali, linajitenga mahali pawili tu: pale maji yanapochemka na pale yanapokauka. Bomba la maji baridi linalotiririka sina ugomvi nalo sana. Nguvu zangu zote nazipeleka kwenye moto na kwenye matone.

Kwenye moto, hita nimeishusha. Fundi alikuwa ameiweka mwisho kabisa, na kadiri maji yanavyozidi moto ndivyo gamba linavyozidi kujengeka, hasa yakipita nyuzi 60. Sisi hatuko Ulaya, maji ya kuogea hayahitaji kufukuta. Mara moja kwa mwaka namwita fundi anazima umeme, anaifungua, anaikwangua. Nalipa ufundi, sinunui hita.

Birika ni kazi ya ndimu. Nakamua tano au sita, natia maji yafunike gamba, nachemsha, nazima, naliacha saa nzima. Utaona vipovu vinapanda, ndiyo hewa ya kaboni inarudi ilikotoka. Mwaga, suuza mara mbili, halafu chemsha maji matupu uyamwage, la sivyo chai ya maziwa itakatika na utawalaumu ng'ombe bure. Kama ndimu ghali, siki nyeupe nusu na maji nusu. Birika la alumini usililaze na siki usiku kucha, litaingia weusi.

Shawa naifunga mfuko wa nailoni wenye siki, nakaza kwa mpira, naiacha mpaka asubuhi, kisha nazibua vitundu kwa sindano. Bilauri nazifuta kwa kitambaa kabla hazijajikausha. Mfereji wa jikoni naupangusa kabla ya kulala. Kazi ya dakika moja, ila nilihitaji mwaka mzima kuizoea.

Mambo mawili ya hatari. Siki au ndimu usiichanganye kamwe na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe yenye klorini, inatoa hewa ya sumu, na vyoo vyetu vingi havina dirisha la maana. Na usiimwage kwenye sakafu ya terazo wala marumaru. Nayo ni jamaa wa jiwe lilelile, asidi haichagui. Ndugu yangu mmoja alisugua choo kwa asidi ya dukani, choo kikang'aa, terazo ikabaki na vidonda.

Nguo nyeupe na nafaka nimezihamishia kwenye maji ya mvua. Hesabu yake nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la chumba cha mita nne kwa tano, mvua ikinyesha milimita kumi, ni lita 200, pipa zima. Mvua ya mwanzo iache ioshe bati kwanza, halafu ndio uelekeze mfereji wa bati kwenye pipa, na pipa lifunikwe, mbu hawangoji mwaliko. Wakati wa masika sifui kanzu kwa maji mengine.

Na mbaazi! Nilidhani nauziwa mbaazi za mwaka juzi. Zinachemka tangu adhuhuri, adhana ya magharibi inakaribia, bado zinalia jinoni. Jiwe lile linakaza ganda lisilainike. Nikaziroweka usiku kwa maji ya mvua, nikazipika kwa hayohayo, zikaiva mapema hata nazi sijaikuna. Pipa likikauka natia magadi kidogo, ncha ya kijiko, si zaidi, maana yakizidi futari inanuka sabuni na mama mkwe hasahau.

Kanzu bado anazikagua. Mwezi uliopita aliinua moja kwenye kamba, akaipitisha shingoni mwake kuona kama inakwaruza, akairudisha bila kusema neno.