Maswali ya Wasomaji: Wawili Wasiolingana Mwendo Kando ya Mto Danube

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari anaishi Ujerumani, nami niko Arusha. Mwakani sote tunatimiza miaka hamsini, na amenialika tuendeshe baiskeli pamoja kando ya Mto Danube, kutoka Passau, mji wa Ujerumani ulio mpakani na Austria, hadi Vienna, mji mkuu wa Austria. Yeye huenda kazini kwa baiskeli kila siku. Mimi niliizoea utotoni, nikitumwa maziwa, lakini ni miaka mingi sasa sijaipanda. Nahofia kumchosha mwenzangu, au kuachwa nyuma katika nchi ya watu. Je, safari hii naiweza, na tuipange vipi tusije tukagombana? – Mama wa watoto watatu, Arusha.

JIBU: Dada, safari hii unaiweza. Nasema hivyo kwa kuwa njia hiyo nimeipita mwenyewe na rafiki yangu wa siku nyingi, na katika safari yetu mimi ndiye niliyekuwa na miguu myepesi, kwa hiyo kosa nitakalokusimulia hapa chini ni langu.

Nianze na njia yenyewe. Danube huanzia katika Msitu Mweusi, kusini magharibi mwa Ujerumani, na husafiri takriban kilomita 2,850 hadi Bahari Nyeusi, ukipita katika nchi 10. Nyinyi mtaufuata kwa kilomita 320 hivi tu. Passau iko kama mita 300 juu ya usawa wa bahari na Vienna kama mita 160, maana yake ni kwamba katika safari nzima mnashuka polepole pamoja na maji, na mara nyingi upepo wa kutoka magharibi huwasukuma mgongoni. Sehemu kubwa ya njia ya baiskeli inafuata mapito ya zamani ambako farasi walikuwa wakivuta mashua kwa kamba kupanda mto, na kwa kuwa farasi mwenye mzigo hapandishwi kilima bila sababu, mapito hayo yalichongwa tambarare kando ya maji. Leo yametiwa lami na kwa sehemu kubwa yametengwa na magari. Kwa hiyo si milima itakayokupa taabu, ni tandiko la baiskeli. Anza miezi mitatu kabla, mara tatu kwa wiki, hata kama ni nusu saa tu alfajiri, mwili ukumbuke kukaa juu ya baiskeli.

Sasa nije kwenye hofu yako ya kuachwa. Asubuhi moja tulitoka Melk, mji wenye monasteri kubwa ya rangi ya manjano juu ya mwamba, iliyoanzishwa mwaka 1089. Nilikuwa mbele, nikavuka daraja kwenda ukingo wa kaskazini nikiamini kwamba mwenzangu ameniona. Hakuniona, alibaki ukingo wa kusini. Danube ina njia ya baiskeli pande zote mbili, na katika bonde la Wachau, kati ya Melk na Krems, hakuna daraja lolote njiani. Niliendesha zaidi ya saa moja nikijipongeza kwa mwendo wangu. Nilipofika Spitz nikatazama ng'ambo, nikamwona amekaa kwenye nyasi karibu na gati, baiskeli imepinduliwa, gurudumu la nyuma limetolewa. Nilipaza sauti, lakini maji yalikuwa mapana na hakusikia.

Hapo Spitz kuna kivuko kisicho na injini. Waya mnene umetandazwa juu ya mto kutoka ukingo hadi ukingo, na chombo kimefungwa kwenye waya huo. Nahodha hugeuza usukani kidogo tu, chombo kikakaa mshazari, na mkondo wenyewe ukakisukuma hadi ng'ambo. Hakuna ngurumo wala moshi, husikii ila maji yakipiga ubao. Nilisimama humo na baiskeli yangu, sina la kufanya ili kifike upesi zaidi. Nilipomfikia mwenzangu hakunikaripia. Alikuwa amekwisha kutoa tyubu, amepata tundu, amekwangua kwa msasa, amepaka solusheni na kubandika kiraka. Aliniambia neno moja tu: "Pampu iko kwako."

Tangu siku ile tulifuata taratibu tatu, nami nakusihi mzikubali kabla hamjapanda. Mwenye mwendo mdogo ndiye anayetangulia, kila siku, na mwenye nguvu anafuata nyuma yake. Ukiwa wewe ndiye wa mbele huwezi kuachwa, naye hawezi kukuharakisha bila kujua. Kila asubuhi mnataja ukingo mtakaoufuata na mahali mtakapovukia. Tena kila mmoja anabeba pampu yake, viraka vyake na tyubu moja ya akiba, hata kama uzito unaongezeka.

Kuhusu kugawa siku, msikubali mipango ya kwenda mbio ya siku nne. Chukueni siku saba: siku ya kwanza mlale Schlögen, ambako mto hujikunja hadi kurudi ulikotoka, kisha Linz, Grein, Melk, Krems, Tulln, na siku ya saba Vienna. Hakuna siku itakayozidi sana kilomita 60, na ile ya Melk hadi Krems haifiki 40, kwa hiyo mtapata nafasi ya kusimama kwenye mashamba ya mizabibu na, mkienda mwezi wa saba, kununua aprikoti zilizoiva kutoka kwa wakulima. Kati ya Linz na Grein mtapita Mauthausen, ilikokuwa kambi ya mateso ya Wanazi kuanzia 1938 hadi 1945. Iko juu ya kilima na sasa ni mahali pa kumbukumbu. Pandeni, hata kama ni kwa kukokota baiskeli, na msiweke jambo jingine mchana huo.

Siku utakayoamka magoti yamekaza, usijilazimishe. Linz, Melk, Krems na Tulln zina stesheni za treni. Baiskeli hukatiwa tiketi yake, na treni za masafa marefu hutaka nafasi yake iwekwe mapema. Mwenzako anaweza kuendesha peke yake mkakutana jioni, na hilo si kushindwa. Waweza pia kukodi baiskeli ya umeme, ambayo mota yake husaidia pale tu unapokanyaga na huacha kusaidia mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Passau kuna wakodishaji wanaokubali baiskeli irudishwe Vienna. Fedha za chakula na vivuko wekeni kwenye mfuko mmoja, mchange sawa kila baada ya siku mbili, msidaiane kikombe cha kahawa.

Kwa upande wa viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani na Austria zikiwemo, ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukienda moja kwa moja kwenye safari hii, siku nyingi zitakuwa za Austria; lakini ukikaa kwanza wiki mbili kwa rafiki yako, nchi yako kuu ni Ujerumani. Hesabu siku kabla ya kujaza fomu. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, na bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi.

SWALI: Nimesoma kwamba Danube hufurika. Twende mwezi gani? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Kati ya Mei na Septemba, ndugu, lakini tazameni hali ya mvua wiki nzima kabla ya kuondoka. Pale Passau mito mitatu hukutana, Danube, Inn na Ilz, na Inn huleta maji ya theluji ya milima ya Alps, ya kijani hafifu, yanayoonekana wazi yakiwa bado hayajachanganyika na ya mito mingine. Kwenye ukuta wa ukumbi wa mji pamechorwa alama za mafuriko ya karne nyingi. Ya Juni 2013, maji yalipofika mita 12.89, iko juu kabisa ya kichwa cha mtu. Mto ukijaa, vipande vya njia vilivyo chini ya madaraja ndivyo hufungwa kwanza, na vivuko husimama. Mkikuta kizuizi msikipite. Ulizeni njia ya juu, au subirini siku moja mjini.