Bibi alisahau, mama anasahau, je na mie?

SWALI: Shikamoo daktari. Bibi mzaa mama alianza kusahau akiwa na miaka 70 na kitu, mwisho akawa hanijui kabisa. Sasa mama ana 68, juzi kapika mbalaga katia chumvi mara tatu, afu anauliza nani kampeleka malishoni ng'ombe ambaye tulishamuuza. Majirani wanasema karogwa, kaka yangu wa Dar anasema ni ugonjwa wa ukoo na mie lazima utanipata. Nina miaka 41. Nikapime vinasaba? – Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hiyo "lazima" ya kaka yako ndo naikataa. Ipo kweli Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu) ya kurithi moja kwa moja, ila ni nadra mno, haifiki hata mgonjwa 1 kati ya 100, na huwa inaanza mapema, miaka ya 40 au 50, sasa bibi yako alianza 70 na kitu, kwa hiyo haifanani na hiyo.

Kinachowahusu watu wengi ni jeni, yaani kinasaba, inaitwa APOE, inakuja kwa aina tatu, namba 2, 3 na 4, na kila mtu anapata moja kwa baba moja kwa mama. Tangu miaka ya 1990 inajulikana namba 4 inaongeza hatari na namba 2 inapunguza. Kwa Wazungu mwenye 4 moja hatari yake inapanda kama mara tatu hivi, na bado wapo kibao wanazeeka nayo akili timamu. Afu kuna Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, walilinganishwa na Wamarekani weusi wa Indianapolis, ikaonekana kule Ibadan hiyo namba 4 makali yake ni madogo. Ni kama mbegu ya viazi, ukiipanda Uporoto kwenye baridi na ukiipanda Chunya kwenye joto hutegemei mavuno yaleyale.

Na kuna jeni zinazokinga jamani, hili huwa linanipa moyo sana! Huko Kolombia kuna ukoo mkubwa aliokuwa anaufuatilia daktari Francisco Lopera, wenye ile jeni mbaya ya Alzheimer ya kurithi moja kwa moja wanaanza kupoteza kumbukumbu kwenye miaka ya 40. Mama mmoja alikuwa nayo, ubongo umejaa uchafu wa Alzheimer, lakini akakaa vizuri mpaka miaka ya 70. Mwaka 2019 watafiti wakaeleza kwamba alirithi pande zote mbili aina adimu ya APOE hiyohiyo, inaitwa Christchurch.

Kwa hiyo kipimo cha vinasaba achana nacho, kitakunyima usingizi bure na hakitabadilisha matibabu ya mama. Hela hiyo mpeleke mama hospitali, wampime presha, sukari, HIV, tezi ya shingo, vitamini B12, na masikio pia. Kuna kusahau kunakotokana na tezi au upungufu wa B12, na huko kunatibika. Na wewe anza presha yako sasa hivi, ukiwa 41, maana ripoti ya jarida la Lancet ya 2024 inasema karibu asilimia 45 ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu (dementia, Alzheimer ikiwemo) duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, presha, kisukari, sigara na usikivu vikiwemo.

Hayo ya kurogwa wakatalieni mapema majirani, nasema kwa uchungu, maana maneno hayo yanaanza kwa "karogwa" kesho yanageuka "mchawi ni yeye", na bibi zetu wameumizwa hivohivo. Siku ya kwenda hospitali mbebe na dawa zake zote, hata za kienyeji na zile za usingizi anazonunua duka la dawa, daktari azione.