Watoto hawajakosa mdundo: kufundisha isukuti darasani bila kuwachuja wanafunzi

SWALI: Mwalimu, nafundisha Gredi ya 4 katika shule ya umma hapa Nakuru. Darasa lina wanafunzi 78 wa jamii mbalimbali. Nimechagua isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, kwa sababu ina uchangamfu na nyimbo zake hushikika upesi. Shida ni miguu. Nikihesabu moja, mbili, tatu, nne, nusu ya darasa inafuata na nusu inapotea. Nikiweka rekodi kwenye spika, karibu wote wanapotea. Kuna mvulana mmoja ambaye naona hana mdundo kabisa. Nimetazama video za walimu wa Marekani wakifundisha densi ya miraba (square dance) na darasa zima linakwenda pamoja. Najiuliza kwa nini watoto wetu, ambao muziki uko damuni mwao, washindwe. Mwalimu mkuu anataka tuchague 30 wenye kipaji, tumlipe mkufunzi kutoka nje awanoe kwa tamasha la muhula wa pili. Nikubali?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, kwanza acha kuhesabu. Nusu ya darasa lako haijapotea. Umewapa watoto midundo miwili kwa wakati mmoja, na kila nusu imeshika mmoja wake.

Isukuti hutembea kwa matatu. Mguu unakanyaga pigo kubwa, na kutoka kanyago moja hadi jingine ngoma ndogo inajaza mapigo matatu mepesi, la kwanza likiwa pamoja na kanyago. Sasa jisikilize unavyohesabu: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne. Kila namba ina silabi mbili, kwa hiyo mdomo wako unaikata kila hatua vipande viwili sawa, huku ngoma ikiikata vitatu. Mtoto anayesikiliza ngoma ataonekana amekosea kwako, na anayekusikiliza wewe ataonekana amekosea kwenye ngoma. Wote wawili wametii walichosikia.

Badala ya namba tumia neno la silabi tatu. Kasuku linafaa sana. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, basi waambie watoto mguu unashuka kwenye "su": unanyanyuka kwa "ka", unakanyaga kwa "su", mwili unatulia kwa "ku". Ka-SU-ku, ka-SU-ku, mfululizo bila kituo. Mahindi, viazi, matunda, yote yana umbo hilohilo, na watoto watakuletea mengine. Hili si jambo geni. Wapigaji ngoma wengi hufundishana kwa mdomo kabla ya mkono kugusa ngozi. Ukimpata mzee wa Isukha au Idakho hapo mjini, muulize yeye hutamka nini anapomfundisha kijana ngoma kubwa, kisha tumia silabi zake badala ya kasuku wangu.

Kuhesabu kwenyewe hakuna ubaya pale panapofaa. Beni, iliyochipuka Lamu na Mombasa kwa kuiga bendi za kijeshi, au mganda wa pande za Ziwa Nyasa, ni ngoma zilizozaliwa karibu na gwaride, na hesabu ya gwaride inazikaa. Densi ya miraba uliyoiona pia huchezwa kwa tuni ambazo nyingi hugawanyika kwa mbili na nne. Ndiyo maana mwalimu yule anahesabu na watoto wake wanakwenda. Kwa isukuti, hesabu yake itakuangusha.

Video hizo zina mambo mawili ya kuiga, ila yote mawili hayako kwenye miguu. Densi ya miraba huchezwa na jozi nne, watu wanane kwa mraba mmoja. Darasa likiwa kubwa, miraba inaongezwa, na hakuna anayekaa benchi kutazama wenzake. Jambo la pili ni yule mtu anayetoa amri. Sikiliza tena: amri yake hutangulia mdundo. Anatamka "zunguka" wakati miguu bado inamalizia kifungu kilichopita, ili kifungu kipya kianze na mwili ulio tayari. Walimu wetu wengi hutamka amri pale pale mabadiliko yanapotokea, halafu huwalaumu watoto kwa kuchelewa. Mtoto wa miaka tisa anahitaji kusikia, kuelewa, ndipo ahamishe uzito wa mwili. Mpe nafasi hiyo. Kwenye isukuti kazi hiyo ni ya kiongozi wa wimbo. Mfundishe mwanafunzi mmoja aingize mwito wa kubadili hatua kiitikio kinapokaribia kwisha, kisha wewe utoke katikati.

Kuhusu mpangilio wa kufundisha, Phyllis Weikart, mwalimu wa Kimarekani aliyefundisha densi za mataifa mengi, aliacha njia ya hatua nne ambayo naitumia hadi leo na walimu wanafunzi wangu. Kwanza watoto hutamka maneno ya hatua bila kusogea. Kisha hutamka na kutenda. Kisha hunong'ona na kutenda. Mwisho hutenda huku wakiyafikiri tu. Walimu huruka hatua ya kwanza kwa kuona inapoteza muda, hasa kwa kuwa kipindi ni dakika 35. Usiiruke. Darasa ambalo halijaweza kusema kasuku kwa pamoja likiwa limekaa halitaweza kulicheza likiwa limesimama. Mabega, ambayo ndiyo uhondo wa isukuti, yafundishe peke yake watoto wakiwa wamekaa. Yaunganishe na miguu siku nyingine, miguu ikishaacha kufikiriwa.

Darasa la 78 litoe nje, uligawe makundi matatu: wapigaji, waimbaji na wachezaji, mkibadilishana kila wimbo unapokwisha. Seti ya isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Huna hata moja? Mitungi ya plastiki ya ukubwa tofauti inatosha kabisa kwa kujifunza. Wachezaji wasimame safu mbili zinazotazamana, wavulana huku na wasichana kule kama ngoma yenyewe inavyotaka. Unapoonyesha hatua, safu zote zitazame upande mmoja nawe uzigeuzie mgongo, ili kulia kwako kuwe kulia kwao.

Spika iweke kabatini kwa sasa. Rekodi nyingi za isukuti ni za watu wazima waliokomaa kwenye ngoma, na kasi yake ni ya miguu mirefu na mapafu makubwa. Spika haimtazami mtoto aliyejikwaa ili ipunguze mwendo. Mpigaji wa darasani anamtazama. Rekodi ina kazi yake: kusikilizwa watoto wakiwa wametulia, wakitafuta ngoma kubwa inasema nini na pembe ya kupuliza inaingia wapi.

Sasa nifike kwenye lile neno "damuni", kwa sababu nalisikia kila ninapokwenda shuleni na limewaumiza watoto wengi. Hakuna mdundo ulioko damuni. Mtoto aliyekulia Shinyalu au Ikolomani, huko Kakamega kwa wenye ngoma hii, amesikia isukuti akiwa mgongoni mwa mama yake. Ameisikia harusini, matangani na kwenye mapigano ya fahali, akajaribu hatua zake nyuma ya wakubwa bila mtu kumcheka wala kumpa alama. Huyo amekwisha kufundishwa miaka kadhaa kabla ya kuvaa sare ya shule. Mtoto wako wa Nakuru, aliyekulia nyumba ya kupanga ambako jirani hugonga ukuta redio ikipanda sauti, hajapewa mafunzo hayo. Ukimwambia muziki uko damuni mwake na mguu wake ukakataa, umemwambia kwamba kuna kitu kilichopungua ndani yake. Na wewe unaacha kufundisha, maana kitu cha damuni hakifundishwi, hungojewa tu kijitokeze. Imani hiyo inaonekana kama sifa kwa Waafrika, lakini darasani hutumika kama ungo: waliojitokeza wanacheza, waliobaki wanabeba maji na kupiga makofi.

Mvulana wako msogeze jirani na ngoma kubwa, karibu kiasi kwamba mtetemo unamfika kifuani na kwenye nyayo. Mpe mtungi apige pigo kubwa tu, wimbo mzima, kabla ya kumtaka acheze. Mchunguze pia kama anasikia vizuri. Watoto wenye usikivu hafifu hupita madarasa kadhaa wakiitwa wazembe, na mara nyingi ni kipindi cha muziki kinachowafichua. Kama ni hivyo, mzazi ampeleke kupimwa. Kama masikio yako sawa, basi ni mazoezi tu yamepungua, na mazoezi ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya.

Nije kwa mkufunzi wa kukodi. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927, na sina ugomvi nalo. Limewafanya watoto wengi waimbe na kucheza ngoma za majirani zao ambazo wasingezijua. Ugomvi wangu ni na watu waliojipachika jina la wataalamu wa tamasha. Huzunguka shule hadi shule msimu ukikaribia na wimbo uleule kwenye flashi, mavazi yaleyale ya kukodisha, na ahadi ya kikombe. Nimewaona wakifanya kazi. Siku ya kwanza anawapanga watoto mstari mmoja, anawatazama kwa dakika chache na kuwaondoa wale ambao mabega hayakutikisika. Kuanzia hapo ni kurudia. Watoto 30 hukosa masomo mengine alasiri nzima, fimbo iko mkononi, na kila kosa hujibiwa kwa kurudi mwanzo. Hatua za jamii moja anazibandika kwenye wimbo wa jamii nyingine kwa sababu zinapendeza jukwaani. Ukimuuliza wimbo unahusu nini, hubabaika. Tamasha likiisha anaondoka, na shule inabaki na cheti ukutani. Hakuna mwanafunzi anayeweza kuanzisha wimbo peke yake, wala mwalimu aliyejifunza chochote. Mwaka unaofuata anaitwa tena, na ada imepanda.

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu wazee wanaoijua wanazeeka bila warithi wa kutosha. Mtu anayefundisha dakika chache za jukwaani, zenye vipande vya densi tatu tofauti, hajamlea mrithi yeyote. Na si isukuti peke yake. Chakacha ya pwani, ngoma ya wanawake ya harusini, nimeiona ikifundishwa wasichana wa umri wa wako kwa miondoko ya kiuno ambayo mama yeyote wa Mombasa angeisimamisha papo hapo. Sindimba ya Wamakonde, ambayo chimbuko lake linagusa jando na unyago, huletwa shuleni kama mazoezi ya viungo. Nyimbo nyingine ni za tohara au za msiba, na zina wakati wake na watu wake. Mkufunzi wa msimu hajali hayo, kwa sababu anauza mwonekano. Wewe unapaswa kujali. Kabla hujafundisha wimbo wowote, mtafute mtu mzima wa jamii yenyewe umwimbie maneno unayoyajua, akuambie unaimbwa lini, na nani, na kama unafaa mdomoni mwa mtoto. Isukuti huchezwa pia mtoto anapozaliwa na kwenye harusi, kwa hiyo hutakosa wimbo unaofaa.

Mwambie mwalimu mkuu kwamba tamasha mtakwenda. Fundisha darasa zima muhula huu. Kanuni za tamasha zikitaka idadi fulani, kundi litoke kwa wale wanaopenda kwenda na wanaohudhuria mazoezi, likiwa na wapigaji na waimbishaji wake kutoka darasani humohumo. Fedha za mkufunzi zinunue seti ya ngoma tatu zilizowambwa vizuri, ambazo Gredi ya 4 ya mwakani nayo itazikuta.

Akishikilia kwamba lazima mtu aje kutoka nje, basi aje mzee au mama anayeicheza isukuti kwao, alipwe nauli na heshima yake, na afundishe ukiwa umeketi pale unaandika. Akija yule wa flashi, kabla ya kutoa hata shilingi moja muulize mbele ya mwalimu mkuu: wimbo huu unaimbwa wapi na kwa nini, utawafundisha vipi wale 48 ambao hukuwachagua, na ukiondoka nani hapa ataweza kuuendeleza. Asipokuwa na jibu kwa lolote kati ya hayo matatu, asiingie darasani kwako.