Ndiyo, Seattle watu wanalala nje, na hata Mkenya anaweza kufika hapo

Binamu, umeniuliza kama zile video za mahema ya watu wasio na makazi hapa Seattle, Marekani, ni za kweli, na kama watu wanafurushwa jinsi kanjo, askari wa jiji, wanavyofanya Nairobi. Ni za kweli. Na kwa vile unapanga kuja, sitakuficha kitu.

Tangu 1993 mji huu una sheria: kuanzia saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku, hairuhusiwi kuketi wala kulala kwenye njia ya waenda kwa miguu, katikati ya mji na kwenye mitaa ya biashara. Polisi anatakiwa akuonye kwanza. Ukikaidi, faini ni dola 50. Mahema kwa kawaida hubandikiwa notisi ya saa 72, ila hema likiziba njia linaweza kuondolewa bila notisi. Gari nalo haliruhusiwi kukaa mahali pamoja barabarani zaidi ya saa 72, na wako wengi wanaoishi garini.

Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington iliamua kwamba lori la mtu anayeishi ndani yake ni makazi yake, na kwamba gharama alizotozwa lilipovutwa zilimzidi uwezo. Nilifurahi sana. Halafu Juni 2024, katika kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, majaji sita wa Mahakama ya Juu ya Marekani dhidi ya watatu wakasema miji inaweza kumwadhibu anayelala nje, hata vitanda vya kumpa visipotosha. Hilo linaniuma. Aliyeshindwa na kodi ya nyumba, faini atailipa na nini?

Wanaosaidia kweli ni wale wanaowafuata watu huko huko waliko. Nimemwona mama mmoja wa kazi hiyo akichuchumaa mlangoni pa hema, mvua inanyesha, anamwita mwenye hema kwa jina. Alimpa soksi kavu, kisha akauliza: kitambulisho kiko wapi? Kilikuwa kimepotea pamoja na begi siku walipohamishwa. Bila kitambulisho hupati nyumba wala kazi, kwa hiyo kila hema linapong'olewa, kazi ya mama huyo inaanza upya.

Na Mkenya hufikaje hapo? Anafikia kwa rafiki, analala kwenye kochi, kazi inakatika, mwenyeji anachoka. Anaona haya kuwaambia watu wa nyumbani, na bado anatuma pesa ili wasishuku. Tunafichana mno sisi.

Ukija na mambo yakienda mrama, piga 211, namba ya simu ya kuulizia msaada, kabla hujatolewa nyumbani, usingoje uwe nje. Pasipoti na karatasi zako zipige picha, nakala mwachie dada yako.

Na kabla hujakata tiketi, niambie utafikia kwa nani na kwa muda gani. Ikiwa ni kwangu, sema mapema nizungumze na mwenye nyumba.